Ukili wa Mkono wa Kushoto

Jumatano. Joto limenikaa shingoni tangu alfajiri. Mawingu yamejazana upande wa Micheweni lakini mvua haishuki, na watu wa Konde wanatembea wamekunja nyuso. Naandika nikiwa sebuleni kwa mama mdogo, mgongo ukutani, na kila pikipiki ikipunguza mwendo hapo njiani nafunga kompyuta.

Leo nimeogopa. Nalisema mapema, nisije nikajipamba huko mbele.

Wachache mnaonisoma humu bloguni mnaijua kazi yangu. Kwa asiyejua, natengeneza filamu ambazo mama mdogo anasema si filamu. "Filamu gani haina mtu, haina ugomvi, haina hata harusi?" Ni kweli. Kuna moja niliyoitengeneza kwa kupaka hina juu ya utepe wa filamu ya zamani, mpaka kila kitu kikawa chekundu, na ndani ya wekundu ule unasikia wanawake wakicheka chumbani. Kuna nyengine ni milango mitupu ya nyumba walizowahi kukaa wanawake wawili wawili, Unguja, Tanga, Mombasa. Nazionesha katika vyumba vidogo, mara nyingi sebuleni kwa watu. Nusu ya watazamaji husinzia. Waliobaki hulia, kisha huniuliza kama nina nyengine.

Sioneshi nyuso. Hilo si mapambo ya kisanii, ingawa nikiulizwa na wasomi hujibu kana kwamba ni sanaa. Wanawake ninaowarekodi ni wanawake waliopenda wanawake. Visiwani hapa wapo tangu zamani, kila mtu anajua, na hakuna aliyewahi kuwaandika ila kwa kuwatukana. Tunaitwa wasagaji, na neno hilo hutupiwa mtu mgongoni akishapita. Sheria nayo ipo, na ndugu wapo, na ndugu ndio wabaya zaidi. Kwa hiyo napiga picha mikono, visigino, kanga kwenye kamba, na sauti nazibadilisha.

Nasema "tunaitwa" kwa sababu na mimi nimo. Anayenisoma zamani anajua kuhusu Z., ambaye tunakaa pamoja Dar es Salaam na kugombana kila Jumapili juu ya nani aoshe vyombo.

Nimekuja Pemba kwa sababu moja tu. Nilitaka kumwona mtu kama mimi aliyezeeka.

Nimempata. Anaitwa Bi Time, anakaa nje kidogo ya Micheweni, kwenye nyumba ya mawe yenye banda la kusukia mikeka ubavuni. Ni binti wa mvuvi, aliwahi kuolewa, akaachwa, akalima mwani, kisha akaenda kwa Bi Mkasi kujifunza kushona mikeka na hakurudi tena kwao. Bi Mkasi naye alikuwa wa ukoo wa Kimanga, Waarabu waliotoka Oman, uliowahi kuwa na mashamba ya mikarafuu na siku hizi una nyumba hiyo moja na majina marefu. Walikaa pamoja mpaka Bi Mkasi alipofariki. Majirani wakiulizwa walisema wale ni watu na mashoga zao, yaani marafiki tu, na mazungumzo yakaishia hapo. Hakuna aliyelitaja jambo lenyewe. Kutotajwa ndiko kulikowafanya wakae kwa amani miaka yote ile, na mimi nikaja na kamera yangu kutaka litajwe.

Nyumba ni ya ukoo wa Bi Mkasi. Mrithi ni mtoto wa kaka yake, Bwana Nassor, mwenye duka la vitambaa Wete. Shangazi yake alipofariki, Nassor alimwambia Bi Time akae tu, nyumba isiwe pango la popo. Ruhusa ya mdomo. Kaburi la Bi Mkasi liko nyuma ya nyumba, na Bi Time hulifagia kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Ameniambia anachotaka katika dunia hii ni kufia pale na kuzikwa pale ubavuni.

Mwaka huu Bwana Nassor anagombea udiwani.

Asiyewahi kuwa Pemba mwaka wa uchaguzi hatanielewa. Watu hawanunui chumvi kwa mtu wa chama chengine. Askari wameletwa, wanakaa na bunduki karibu na soko wakila machungwa. Mtu mwenye kamera ni wa chama hiki, au wa kile, au kaletwa na serikali, na hakuna anayeweza kuamini kwamba umekuja kupiga picha mkeka. Kamera yangu naibeba ndani ya kikapu, juu yake kisamvu. Mama mdogo anadhani nina kichaa cha kisamvu.

Sasa hilo la mkeka.

Mkeka husukwa kwanza ukili, yaani ule utepe mrefu wa miyaa ya ukindu, kisha ukili unashonwa kuzunguka mpaka upate upana. Bi Mkasi alikuwa wa mashoto. Ukili wake ulilala upande usiokuwa wa watu wengine. Bi Time, anayetumia kulia, alisuka wake, kisha wakaushona pamoja, mstari wa huyu na mstari wa huyu, na miyaa ikawa inakutana katikati kama mbavu. Mikeka hiyo ilijulikana. Watu walitoka Wete kuifuata kwa ajili ya harusi.

Bi Mkasi alipofariki mikeka ile iliendelea kutoka. Watu walidhani marehemu ameacha marundo ya ukili ndani. Aliacha, ndiyo, lakini uliisha. Kilichotokea ni kwamba Bi Time alijifungia bandani akajifundisha kusuka kwa mkono wa kushoto, uzeeni, vidole vikivimba, ili Mkasi aendelee kuwamo mkekani. Hakumwambia mtu. Aliniambia mimi, baada ya kwenda kwake mara nyingi na kukaa kimya sana.

Niliurekodi mkono huo. Mkono wa kushoto wa kikongwe ukisuka pole pole, ukikosea, ukirudi nyuma. Juu yake nimeweka sauti yangu mimi, kwa kunong'ona, nikisema maneno aliyonipa yeye: "Sikutaka mume mwengine. Nilimtaka huyu. Tumelala kitanda kimoja na sijuti."

Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Bado naamini hivyo, hata jioni hii.

Nilimpelekea Z. kipande kifupi asikilize sauti. Z. akajisifia mke wake, kama anavyoniita. Akakirusha kwenye kundi la wenzetu, watu tunaowaamini, na kuna aliyekipenda zaidi ya alivyotakiwa akakirusha kwengine. Z. aliniambia wiki iliyopita kwa furaha tele, na mimi sikumgombeza. Hakuna uso, hakuna sauti yake, hakuna jina. Nilijiona fundi kweli kweli.

Leo asubuhi nilikwenda sokoni kununua kisamvu changu cha uongo. Bi Hadia muuza mikeka akaniita.

"Njoo utizame, mwanangu wa Dar. Huu si ukili wa kwa Mkasi?"

Simu ilikuwa mkononi mwake. Mnong'ono wangu ukitoka.

Nilimwambia, "Ukili si ukili tu, Bi Hadia?"

"Ukili tu! Weye umezaliwa Konde au umezaliwa angani?" Wanawake wote waliokuwa pale wakacheka. Kisha wakanionesha, kila mmoja na kidole chake juu ya kile kioo kidogo, namna miyaa inavyolala. Kaskazini yote hii hakuna nyumba nyengine inayotoa ukili huo. Nilikalia mikeka utoto wangu wote, nikalala juu yake, nikapigwa juu yake, na sikuwahi kuitazama. Niliuficha uso wa Bi Time, nikaweka mbele ya kamera kitu ambacho Pemba nzima inakisoma haraka kuliko uso.

Bi Hadia akanivuta pembeni. Hakuwa anacheka tena. "Sauti nimeijua, ni yako. Nassor keshaletewa. Na waliomletea si wa chama chake. Wasema watakicheza mkutanoni, watu waone nyumba ya mgombea yafuga nini. Yeye kaapa atakwenda leo baada ya adhuhuri, amtoe."

Kisamvu nilikiacha pale pale.

Nimekuta Bi Time bandani, amekunja mguu mmoja, anasuka. Nilimsalimia, nikapiga magoti, nikamwambia yote bila kupunguza. Nilitegemea atanituliza. Nadhani sote tunaowarekodi wazee tuna ujinga huo, tunadhani wapo ili watutulize.

Hakunituliza hata kidogo. Aliacha kusuka. Uso ulimshuka.

"Waweza kukirudisha?"

Nikamwambia siwezi.

"Nilikupa mkono wangu uutunze," akasema. "Sikukupa uupeleke matembezini."

Akauliza, si kwangu hasa, atakwenda wapi. Ana kaka Kengeja, kusini kabisa, mke wa kaka hampendi. Na huko Kengeja, kaburi atalifagia vipi? Alisema hivyo hivyo, kwa wasiwasi wa mtu anayepanga safari. Nilimwambia tuondoke sasa hivi, nitampeleka Dar, atakaa na sisi. Akanitazama kama niliyetukana.

Tukangoja. Sijui niseme nini juu ya kungoja kule. Kuku alikuwa akiparura uani, nikamchukia yule kuku.

Bwana Nassor alikuja peke yake. Hilo lilinishangaza, nilitegemea gari la vijana wa chama. Kanzu nyeupe, kofia imenyooka, jasho kipajini. Alipiga hodi, akatoa salamu, akavua viatu, akakaa juu ya mkeka, mkeka ule ule wa mbavu, kwa sababu hakuna pa kukaa pengine. Bi Time akamletea maji. Akayanywa yote. Aliniangalia akataka nitoke.

"Huyu ni wangu," Bi Time akasema. "Sema tu, mwanangu."

Akatoa simu, akaicheza.

Nimeonesha kazi zangu mbele ya watu wengi na huwa nasimama nyuma ya chumba nikiwatazama visogo. Leo nilikaa mbele ya mtazamaji mmoja, hatua moja tu kati yetu, na mnong'ono wangu ukajaa banda zima. Tumelala kitanda kimoja na sijuti. Nilitamani ardhi inimeze. Bwana Nassor hakunyanyua macho mpaka kipande kikaisha.

"Bi Time. Mkono huu wa nani?"

Niliuona mkono wa kushoto wa Bi Time ukiingia taratibu chini ya kanga.

Nilianza kufungua mdomo niseme ni wangu, ni wa mwigizaji, ni wa mtu wa Tanga, uongo wowote.

"Wa Mkasi," akasema Bi Time.

Bwana Nassor akauliza, "Na maneno?"

"Ya Mkasi vilevile."

Sikuelewa mara moja alichokifanya. Nikaelewa nilipouona uso wa Nassor. Alikuja kumtoa mgeni nyumbani kwake, mwanamke wa watu, asiyekuwa damu yake. Sasa anaambiwa mkono ni wa shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemwosha na kumlea na kumfundisha Alhamdu. Akimtoa Bi Time leo, kesho ataulizwa kwa nini, na atakachojibu kitamwangukia aliyelala nyuma ya nyumba.

Akanigeukia mimi, akaitazama kamera kikapuni, leo haina kisamvu juu yake. "Na weye shangazi ulimpiga picha lini?"

Bi Mkasi sikuwahi kumwona. Alikwisha fariki nilipokanyaga pale mara ya kwanza. Na mimi ndiye ninayejigamba kila nioneshapo filamu kwamba nyuso naficha, sauti nabadilisha, lakini uongo sisemi.

"Akiwa hai," nikasema. "Kabla hajaanza kuumwa."

Akaicheza tena. Safari hii aliisogeza simu karibu na macho, akaisimamisha pale mkono unapogeuka kuvuta ukindu. Kisha akatuonesha kiganja chake mwenyewe, chini ya kidole gumba.

"Shangazi mbuzi ya nazi ilimkata hapa. Miye ndo nliyekuwa nikichezea mbuzi, akaja kuninyang'anya. Alibaki na kovu mpaka anakufa. Mkono huo huo ndo alionipigia siku hiyo."

Tulitazama kioo, sisi sote watatu. Mkono ulikuwa umesimama wazi kabisa. Hapakuwa na kovu.

Bi Time hakutikisika, ila kanga juu ya mkono wake wa kushoto ilikuwa ikitetemeka.

Bwana Nassor akazima simu, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Picha hizi za simu hazioneshi vizuri," akasema.

Halafu, baada ya kufuta jasho: "Marehemu husitiriwa. Nitawambia hivyo, wamwache shangazi yangu alale. Atakayekicheza mkutanoni atakuwa kamfukua maiti wa watu, na watu hawatampenda." Akasimama, akatafuta viatu vyake kwa miguu bila kuviangalia. Mlangoni akageuka. "Ijumaa ntaleta jamaa tumsomee khitma, hapa hapa nyumbani kwake. Utatutandikia, Bi Time?"

"Ntatandika," akasema Bi Time. "Inshallah."

"Na dada huyu asionekane na kamera."

"Hataonekana."

Akaondoka. Sijui hadi sasa kama alikuwa anahesabu kura au anamkumbuka shangazi yake. Nimeligeuza hilo kichwani njia nzima ya kurudi. Pengine yote mawili, na pengine hata yeye hajui. Ninachojua ni kwamba alikiona, na akaamua kutokukiona, nasi tukakubaliana bila kusema. Watakaokuja Ijumaa kukalia mikeka ya Bi Time hawatakuwa na nafasi tena ya kusema anakaa pale kwa haki gani.

Bi Time alitoa mkono chini ya kanga, akautazama. Akalia. Si kilio cha kupendeza, cha kwenye filamu. Alilia mpaka pua ikamtoka kamasi, akajipangusa kwa ncha ya kanga, akasema, "Mkasi kanisitiri tena."

Mimi nilikasirika. Naandika hivyo kwa aibu. Mtu ameokoka, nyumba imeokoka, kaburi litafagiwa kesho, na mimi nimekaa pale nimekasirika kwa sababu ya filamu yangu. Kile kitu kizuri kuliko vyote nilivyotengeneza, mwanamke kujifundisha mkono wa mpenzi wake ili asimpoteze, leo kimekuwa picha ya marehemu akisuka mkeka. Kazi yangu yote ni kuzuia watu wetu wasifutwe. Leo nimemfuta mmoja, mbele yake, kwa mdomo wangu, na ilibidi.

Nikamwambia nitakifuta kabisa, hata kile kikubwa, nisibaki nacho.

Hapo ndipo alipokasirika yeye. Nilikuwa sijamwona hivyo. "Ufute? Nimevimba vidole hivi, nimelala nikilia kwa maumivu, nimejikata, ili ufute? Nani mwengine ajua kama nimeweza?" Akavuta pumzi. "Hawa walio hai waambie ni Mkasi. Hata akija malaika na kofia ya chama, mwambie ni Mkasi. Lakini siku nikilazwa pale nyuma, Nassor hana tena wa kumtoa. Siku hiyo waambie ulikuwa wangu."

Nikamwambia sawa.

"Apa."

Nikaapa.

Kisha akajinyoosha, akavuta ule ukili aliouacha, akauweka magotini, akaupeleka mkono wa kushoto mbele. Akaniuliza mbona nimekaa, kikapu kile nimebebea nini siku zote hizi. Nikatoa kamera. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa ikitetemeka, kwa hiyo picha ya leo yote inatikisika, na nimeamua kuiacha hivyo hivyo.

Alikosea mara nyingi. Aliporudi nyuma kufumua, alisema jambo kwa sauti ndogo, na haikuwa kwangu.

Sasa niko hapa sebuleni. Mvua bado haijashuka. Mama mdogo ananiuliza kutoka jikoni kisamvu kiko wapi, nimemwambia kimeisha sokoni. Z. amepiga simu mara nyingi, sijapokea. Ameandika kwamba anajua alichokifanya, kwamba hawezi kula. Na mimi siwezi kula. Nilitaka kumwandikia maneno makali, nikayaandika, nikayafuta. Alijivunia kazi yangu, basi, na mimi mwenyewe nilipoambiwa nilicheka naye. Nitampigia kabla ya isha. Nitamwambia nimemwona mtu kama sisi aliyezeeka, na kwamba inawezekana, ila si bure.

Najiuliza kazi yangu ni ya nani. Ya Bi Time aliye hai, anayehitaji isijulikane? Au ya wale watakaokuja, kina sisi wa kesho, watakaotaka kujua kama kuna aliyewatangulia Pemba hii? Hadi leo nilidhani ni kitu kimoja.

Kwa hiyo haya sitayachapisha leo. Yatakaa humu ndani ya blogu kama rasimu, pamoja na jina lake la kweli kama alivyotaka, na filamu itakaa kwenye boksi kwa Z. chini ya kitanda. Kila nikija Pemba nitakwenda bandani nirekodi kipande chengine. Mtu wa kazi yangu huomba amalize. Mimi nimeanza kuomba filamu hii isiishe, kesho isiishe, mwakani isiishe, bibi huyu aendelee kukosea na kufumua mpaka nami nizeeke.

Lakini nimeapa. Kama wewe usiyenijua unayasoma haya sasa, basi imekwisha: Bi Time amelala nyuma ya nyumba, kushoto kwa Mkasi.

Mkono ule ulikuwa wake.